Aliyengoja Kuulizwa Mara ya Tatu

Orrin Skogstad alikuwa na miaka thelathini na moja, ndevu alizozitunza kuliko alivyolitunza gari lake, na barua mbili. Ya kwanza ilitoka Chuo Kikuu cha Harlan, kule Nebraska. Ilimwambia karibu, nafasi yako ya uzamili wa sayansi ya udongo ipo, ada tunalipa sisi na posho utapata. Ya pili ilitoka Whitcombe, chuo cha mashariki mwa Marekani chenye majengo ya mawe na mimea inayotambaa ukutani. Ilimwambia kwamba amewekwa kwenye orodha ya wanaosubiri. Mtu mwenye akili zake angejua ipi ni barua na ipi ni karatasi tu. Orrin aliitia ya Whitcombe kwenye fremu.

Namjua vizuri. Nilikaa naye meza moja miaka sita katika maabara ya kupima udongo, hapa magharibi mwa Minnesota, ambako theluji ya Aprili huchanganyika na tope mpaka huwezi kujua unakanyaga nini. Wakulima hutuletea udongo wao kwenye vifuko vya karatasi. Tunauanika, tunausaga, tunauchekecha, tunaupima, halafu tunawaambia jambo wanalolijua tayari, kwamba shamba linataka mbolea. Orrin aliifanya kazi hiyo kana kwamba ameazimwa kwetu na ulimwengu mwingine. Mimi niliifanya miaka ishirini na miwili, na ulimwengu mwingine sikuwa nao. Jina langu ni Darla Voigt.

Na niseme mapema, msije mkaniona mnafiki mbele ya safari. Mimi pia nilikuwa kwenye orodha ya kusubiri mwaka ule. Yangu ilikuwa ya Harlan. Nafasi zenye ufadhili zilikuwa nne. Tatu zilishapata wenyewe, ya nne alikuwa amepewa Orrin ila hajaijibu, na mtu wa kwanza nyuma yake nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, watoto wameshaondoka nyumbani, na nikiikosa ile sikuwa na mwaka mwingine wa kujaribu, kwa sababu ujasiri wa kuomba mara moja ulinichukua miaka tisa kuupata. Aliyejua ni mume wangu Dwight peke yake. Orrin hakujua. Hata mimi nilijua kwa kuunganisha mambo tu, pale profesa wa Harlan aliponiambia mwezi wa Februari, "Aliye mbele yako ni kijana wa huko huko kwenu, anapima udongo kama wewe. Mnaweza hata kuwa majirani." Wapima udongo wa huku kwetu tunatosha kwenye gari moja.

Kwa hiyo kila asubuhi nilikaa mkabala na mtu aliyekalia kiti changu, nikamsikiliza akikiponda.

"Harlan," alikuwa anasema, akilivuta lile jina puani. "Chuo cha ng'ombe. Ukifungua dirisha la darasa, ng'ombe anaingiza kichwa."

"Lakini wana maabara nzuri ya udongo," nilikuwa najibu, macho kwenye chekecheke.

"Maabara wanazo. Jina je? Nikisema Harlan, nani atageuka?"

Hilo ndilo lilikuwa tatizo lake tangu utotoni, kutaka watu wageuke. Baba yake alikuwa fundi wa matrekta, mtu wa maneno kumi kwa wiki. Mama yake, Lavonne, alisema ya wote wawili. Sasa, kwetu kujisifu ni aibu kubwa, hakuna anayejisifu. Kwa hiyo Lavonne alijisifu kwa kulalamika. Alisimama na kikombe cha kahawa kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, uso umejaa majonzi, akawaambia kina mama wenzake, "Sijui tutafanyaje na huyu Orrin. Whitcombe ni mbali mno. Na nasikia mvua ya kule si kama ya huku." Kina mama wakatikisa vichwa kwa huruma, na kila mmoja akarudi nyumbani akijua kwamba mtoto wa Lavonne anakwenda Whitcombe. Neno kusubiri halikupita mdomoni mwake hata mara moja.

Lavonne huyo huyo alinunua kibandiko cha Whitcombe akakibandika kwenye kioo cha nyuma cha gari lake. Hapa kwetu mzazi hubandika jina la chuo cha mwanawe pale ili anayemfuata barabarani alisome mpaka taa ya kijani iwake. Lakini huwa anangoja mtoto akubaliwe. Nilimwona nalo nje ya duka la vyakula na nikamuuliza, kwa upole wangu wote, kama kuna habari mpya.

"Bado," akasema. "Anasubiri tu wakamilishe makaratasi."

Makaratasi. Nilimsaidia kubeba mifuko nikiwa nauma ulimi.

Orrin naye hakukaa bure. Aliandika Whitcombe barua nne za kuwakumbusha kwamba bado anawapenda. Aliwatumia picha yake akiwa ndani ya shimo la kupimia udongo, udongo umemfika kifuani, anatabasamu. Mwezi wa tatu akawatumia kwa posta mfuko wa mchele wa mwituni unaovunwa kwenye maziwa yetu, na kikaratasi cha kueleza namna ya kuupika. Mwanamume mzima, amesoma, anatuma mchele ofisi ya udahili. Hawakujibu barua, picha wala mchele, na kila ukimya wao aliutafsiri.

"Wangekuwa hawanitaki wangeshasema," aliniambia. "Kunyamaza kwao ni kunifikiria."

"Au wanakula mchele," nikasema.

Hakucheka. Mtu aliye kwenye orodha ya kusubiri hana nafasi ya kicheko, kichwa chake chote kimeshakodishwa. Najua, maana na changu kilikuwa hivyo hivyo. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa na mlango wazi mgongoni, akasimama anagonga ukuta.

Kabla sijafika kwenye siku yenyewe, lazima nieleze adabu ya kwetu, kwa sababu ndiyo iliyomfikisha pale. Mtu akikukaribisha kahawa, unasema hapana, usijisumbue. Akikukaribisha tena, unasema labda kama ipo tayari. Mara ya tatu ndipo unakunywa, nusu kikombe, huku unamwambia amekumiminia nyingi. Anayekubali mara ya kwanza amelelewa vibaya. Anayekaribisha mara moja akaacha huyo ni mtu wa Chicago. Ni hivyo kwa kahawa, kwa kiti, kwa lifti ya gari, na nimeshasikia ikitumika hata kwa posa.

Na kipande cha mwisho hakiliwi. Lavonne alikuwa anatuletea maabara trei ya keki ya karanga na chokoleti kila Jumatatu. Vipande ishirini na vitatu vinaisha kufikia saa sita mchana. Cha ishirini na nne kinakatwa nusu. Anayefuata anaikata nusu ile nusu. Siku ya Ijumaa utakuta kwenye trei kijipande cha ukubwa wa ukucha, kimekauka, kisu pembeni, na watu wazima wanakipita wakijifanya hawakioni. Nimekulia humo. Nimeshaosha trei hiyo nikatupa kijipande hicho mara zisizo na idadi, nikitamani kukila.

Profesa wa Harlan hakukulia humo. Anaitwa Sal Benedetti, na mwezi ule wa Februari aliponihoji kwa simu nilifanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Nikamwambia, "Nadhani mnao wengi wanaofaa kuliko mimi."

"Kwani wewe huitaki?" akauliza.

"Sijasema hivyo."

"Basi usiongee kana kwamba umesema hivyo. Mimi nimezaliwa New Jersey, mama. Kule mtu akisema hataki, tunampa mwenzake."

Nilibaki nimeshika simu, masikio yanawaka. Hakuna aliyewahi kunisemesha vile tangu nizaliwe. Lakini nilimwelewa, na somo lile nililiweka akilini.

Sasa tarehe tisa Aprili, siku ya Jumanne. Vyuo vya Marekani vina desturi kwamba anayepewa nafasi yenye ufadhili ana mpaka tarehe kumi na tano kujibu, kwa hiyo Orrin alikuwa na siku sita. Tulikuwa na vifuko mia mbili juu ya meza, maana kila mkulima anakumbuka shamba lake theluji ikianza kuyeyuka. Simu ya Orrin ikalia. Mikono yake ilikuwa imejaa udongo mpaka viwikoni, akaibonyeza kwa kifundo cha kidole na kuiweka sauti ya nje. Ndivyo nilivyosikia kila neno, bila kutega sikio.

"Orrin, Sal Benedetti hapa, wa Harlan. Una dakika moja?"

"Ninayo, profesa, ila sitaki kukupotezea muda wako."

"Hunipotezei, mimi ndiye niliyepiga. Sikiliza. Una hadi tarehe kumi na tano na sikusukumi. Ila kuna mtu nyuma yako anasubiri, mtu mzuri, na kama unalo jibu ningependa kumtoa kwenye mateso. Unakuja?"

Mtu mzuri. Kijiko cha kupimia kikanitoka mkononi, sampuli ya mzee mmoja wa upande wa mtoni ikamwagika mezani.

Orrin akatazama dari. Nilimwona akitafuta namna ya kutosema ndiyo na kutosema hapana, akaipata pale pale tunapoipata wote.

"Ah, unajua, profesa, mimi sipendi kumsumbua mtu. Kama yupo mwenzangu anayeihitaji zaidi, mpeni yeye kwanza. Msinishikie mimi."

Kisha, "Una uhakika?"

"Kabisa. Wala usihangaike juu yangu."

"Basi huo ni uungwana, kijana. Wengi wanaikalia nafasi mpaka dakika ya mwisho. Ahsante sana. Kila la heri." Simu ikakatika.

Orrin akajifuta mikono kwenye aproni, polepole, kama mtu aliyetoka kununua ng'ombe kwa bei nzuri.

"Umesikia?" akaniuliza. "Ananing'ang'ania."

"Nimesikia akisema ahsante."

"Huo ni mwanzo. Atapiga tena. Akipiga tena nitamwambia naifikiria, na kufikia hapo Whitcombe watakuwa wameshanijibu. Sijamkatalia, sijamkubalia. Mambo haya yanataka ustadi, Darla."

Ustadi. Nilichukua brashi nikaanza kuzoa udongo wa yule mzee, nikijua, bila shaka hata kidogo, kwamba mtu aliyesimama mbele yangu ametoka kuitupa nafasi yake nje ya dirisha na anangoja irudishwe kwa adabu. Nilijua na mwingine hakuna aliyejua. Sentensi moja ya kueleweka ingetosha: huyo si wa kwetu, mpigie sasa hivi.

Nikasema, na neno langu nalikumbuka kwa sababu nililipima kabla ya kulitoa, "Wapo ambao wangempigia wao."

"Wapo wenye haraka," akajibu Orrin.

Hivyo ndivyo tunavyoonyana hapa kwetu. Nyumba yako ikishika moto, jirani atakuambia kuna joto kidogo upande ule.

Saa tisa ikaja barua pepe. Orrin akanisomea kwa sauti, anafurahi. Benedetti aliandika kwamba anataka tu kuthibitisha walichozungumza, yaani kwamba Orrin anaiachia nafasi ili apewe mwingine. Je, ameelewa sawa?

"Umeona?" akasema. "Haijapita hata siku. Huyu mtu hana raha."

"Utamjibu nini?"

Akaandika kwa vidole viwili, akanisomea pia: "Fanyeni mtakavyoona inafaa kwenu, mimi sina neno." Akaituma. Akarudi kwenye kinu chake cha kusagia udongo akipiga mluzi. Kwa hesabu yake, aliulizwa mara moja kwenye simu, na barua pepe si kuuliza, ni mambo ya ofisi. Alikuwa amebakiwa na mara mbili.

Jioni nilimsimulia Dwight tukiwa mezani. Dwight anauza mbegu za mahindi na husikiliza watu kwa kazi, kwa hiyo aliweka uma chini.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Umemwambia kwa Kiminnesota, au umemwambia?"

Nikamwambia ale viazi vyake kabla havijapoa. Lakini swali lile lilinikaa. Nikaazimia kwamba asubuhi nitamwambia Orrin waziwazi, maneno yote, hata kama nitakosa nafasi yangu. Nilipokuwa naendesha gari kwenda kazini nilikuwa nimeshaipanga sentensi, nikairudia mara kadhaa peke yangu.

Nilimkuta amevaa kofia ya Whitcombe. Aliagiza mwenyewe. Ameegemea meza, kahawa mkononi.

"Nimekuwa nawaza," akasema, "huyo anayesubiri nyuma yangu Harlan. Hebu fikiria uwe mtu wa namna hiyo. Umekaa unangoja makombo ya chuo cha ng'ombe. Mtu wa hivyo anakuwa amefanya nini na maisha yake?"

Alikuwa anauliza hivyo akiwa yeye mwenyewe kwenye orodha ya kusubiri, chini ya kofia ya watu ambao hawajamwita. Sentensi yangu nikaimeza nzima.

Ningependa kusingizia maneno yale. Ningependa niseme kwamba alinitukana na mimi nikalipiza, hadithi ingekaa vizuri. Ukweli ni kwamba niliitaka ile nafasi. Niliitaka tangu Desemba kwa namna iliyonitia aibu, nikiosha vyombo, nikisubiri taa za barabarani, na kofia ile ilinipa sababu tu ya kutosema. Mimi niliyemcheka kwa kutosema ndiyo wala hapana, nilifanya vile vile, ila mimi nilijua nafanya nini.

Saa nne na dakika kumi simu yangu ikatetemeka ndani ya aproni. Nikatoka nje, nikasimama kwenye tope karibu na pipa la taka, bila koti.

"Darla, Sal hapa. Nafasi imepatikana, pamoja na ufadhili wote. Unaitaka?"

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Nilisikia mwanzo wa sentensi ukipanda kooni, ile ile ya mama yangu na bibi yangu, kwamba kama yupo mwingine, kwamba msijisumbue. Miaka arobaini na sita ya kukataa kahawa ilikuwa imejipanga nyuma ya meno yangu.

"Naitaka," nikasema.

"Umesemaje? Kuna upepo huko."

"Nimesema naitaka. Leo. Nitumie karatasi nitie sahihi."

"Mungu akubariki," akasema. "Wewe ni mtu wa kwanza kutoka huko kujibu swali nililouliza." Sahihi ilikuwa imeshafika kwake kabla ya saa sita. Nilirudi mezani, nikavaa glavu, nikachekecha udongo mpaka jioni nikiwa sioni ninachokichekecha. Kwa Orrin sikusema kitu. Siku tano nzima sikusema kitu, na yeye siku hizo tano aliangalia simu yake na kushangaa kwa nini Benedetti anachelewa.

"Anajikaza," aliniambia Ijumaa. "Hataki nijue anavyonitaka."

Jumatatu ikawa tarehe kumi na tano. Lavonne alileta trei mwenyewe, keki amezipaka sukari ya rangi za Whitcombe, akasimama mlangoni akilalamika kwamba rangi ile ni ghali na haishiki vizuri. Siku hiyo wakulima walikuwa wengi na hatukupata muda wa kula mapema, kufikia saa kumi jioni ndipo kilibaki kipande kimoja. Muda huo ndipo Whitcombe walipojibu. Mistari minne. Orodha imefungwa, waombaji walikuwa wengi na wazuri, wanamtakia mafanikio. Mchele hawakuutaja.

Lazima nimpe haki yake, hakulia wala hakutupa kitu. Alivua kofia, akaiweka kwenye droo, akaifunga.

"Basi," akasema, kwa sauti ya mtu anayewafanyia watu hisani, "acha niwafurahishe Harlan."

Mikono ilikuwa na udongo tena, sauti ya nje tena. Ningeweza kutoka nje. Nilibaki, kwa sababu niliona hilo angalau nadaiwa.

"Profesa, Orrin Skogstad hapa. Nimetafakari kwa kina, na nimeamua kuja."

"Kuja wapi?"

"Harlan. Kwenye nafasi yangu."

Tukasikia kiti kikilia upande wa pili. "Kijana, nafasi ile nilishampa mtu Jumatano. Uliniambia nimpe."

"Nilikuwa," Orrin akasema, akasimama, akaanza upya. "Nilidhani utauliza tena."

"Niulize tena nini? Nilikuuliza unakuja. Nikakuuliza una uhakika. Nikakuandikia nikakuuliza kama nimeelewa sawa. Mara tatu. Huko kwenu mnauliza mara ngapi?"

Nilimwona Orrin midomo ikicheza, anahesabu. Simu, uhakika, barua. Hata kwa hesabu ya kwetu ilikuwa imetimia, na mara ya tatu ilipomfikia aliisoma kwa sauti, akacheka, na akaijibu hana neno. Sijawahi kuona uso wa mtu ukishuka vile, na nilikuwa nimeungoja ushuke tangu Februari, na ulipofika chini sikupata raha niliyoitegemea. Nilipata kidogo.

Benedetti aliomba radhi, kwa haraka, akasema aombe tena mwakani, na simu ikakatika.

"Sijui ni nani huyo," Orrin akasema. "Huyo aliyechukua."

"Ni mimi."

Akanitazama kwa muda mrefu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni katika miaka sita.

"Wewe umeomba Harlan?"

"Tangu Desemba."

"Ulikuwepo hapa. Ulisikia simu yote."

"Nilikuwepo."

"Na hukusema kitu."

"Nilisema. Nilisema wapo ambao wangempigia wao."

Mtu wa mahali pengine popote duniani angeniita mchawi, na angekuwa na haki. Orrin alizaliwa maili nne kutoka hapo. Alijua kwamba kwa lugha ya kwetu nilikuwa nimempigia yowe, na alijua kwamba nilijua hatalisikia, na adabu ile ile iliyomponza ikamfunga asinishtaki.

"Ni kweli," akasema mwishowe. "Ulisema."

"Nilisema."

"Haya, basi." Akajifuta ndevu kwa mkono wa shati. "Hongera, Darla. Kweli, hongera. Watakuwa wamepata mtu."

Ilikuwa ni mara ya kwanza kumsikia akisema kitu bila kutaka mtu ageuke, na ikanichoma kuliko maneno yote ya ng'ombe. Kisha, kwa kuwa hatukujua tufanye nini na mikono yetu, alikwenda kwenye trei ya mama yake. Akachukua kisu. Akanigeukia, akanionyesha kipande cha mwisho, chenye rangi za watu walioufungia mchele wake orodha.

"Karibu hiki, Darla."

Nilijua ninachopaswa kusema. Yeye pia alijua, alishaweka kisu katikati ya kipande, tayari kukata.

"Ahsante," nikasema.

Nikakichukua chote, nikakila nimesimama pale pale mbele yake, mpaka punje ya mwisho ya sukari kwenye kidole. Orrin aliendelea kushika kisu juu ya trei tupu, akingoja nusu yake.